Aliyelala Shairi la Tatu

Mfungo Nane 19, mwaka 838. Jumanne.

Leo siku arubaini za baridi kali zimeanza, nami nimeanza kuandika. Karatasi hizi ni kingo nilizokata kwenye vitabu vya watu, kwa hiyo ni nyembamba, na itabidi nisimulie kwa kifupi. Mimi na kifupi hatujuani, lakini tutaona.

Sheikh Shamsi wa Zabadani alikuja dukani kwetu, tunapojalidi vitabu, kabla ya adhuhuri, kilemba kimelowa. Anaandika kitabu cha watu mashuhuri wa mji wetu waliokwisha kufa: huyu mwana wa nani, alisoma kwa nani, alikufa lini. Sasa amefika kwa wanawake, na amekwama kwa mmoja. Anaitwa Lubaba binti Sunquri, mtunga mashairi, aliyekuwa akikaa huku kwetu Salihiya, mtaa wa juu, kabla ya mwaka wa moto, ule wa 803 jeshi lilipouchoma mji.

"Binti Ghanim," akaniambia, "wewe unaingia ndani ya nyumba za watu. Mimi nikibisha hodi najibiwa nyuma ya pazia kuwa mwenyewe hayupo."

"Vitabu vyako vinasemaje, Sheikh wangu?"

"Kimoja kinasema alifia Hama mwaka 801. Kingine kinasema alifia Makka mwaka 806. Cha tatu kinasema mashairi si yake, ni ya nduguye Sanjari. Yeye alikuwa na sauti nzuri tu ya kuyasoma."

"Nawe utaandika lipi?"

"Tarehe mosi Rajabu naondoka na msafara kwenda Kairo, na juzuu hii inabaki kwa wanakili. Nikipata mtu hai aliyemsikia kwa masikio yake akisoma na kusema haya ni yangu, nitaandika ni yake. Nisipopata, nitaandika la kitabu cha tatu, na likishaandikwa limeandikwa."

Kisha akachukua jalada nililomaliza jana, akapitisha kidole juu ya nakshi. "Mashaallah. Mkono wa Mualimu Ghanim haujazeeka."

Baba alikuwa ameketi kando ya jiko la makaa, mikono kaificha ndani ya joho kwa sababu inatetemeka. Huu ni mwaka wa tatu hajashika chuma cha nakshi. Akainamisha kichwa. Mimi nikajifanya natafuta mkasi.


Mfungo Nane 20.

Mvua. Gundi haikauki.


Mfungo Nane 22, Ijumaa.

Nimekwenda nyumba ya wajane. Huko anakaa Bibi Tatari, aliyekuwa mjakazi wa Lubaba na akaachwa huru naye. Ana miaka themanini, au tisini, au mia; inategemea umemuuliza asubuhi au jioni. Nilimkuta anakula figili ya siki.

"Bibi, Lubaba alikufa wapi?"

"Kitandani, kama watu. Ulitaka afie wapi, juu ya paa?"

"Mji gani, Bibi."

"Hama." Akatafuna. "Au Makka. Mimi sikuwepo, mwanangu. Alikuwa mrefu, mweupe, hasira karibu. Hakuolewa kabisa. Ndugu yake alikuwa akikaa mlangoni na kalamu kama mtoza ushuru."

"Na mashairi? Alitunga nani?"

Akaniangalia kama niliyemuuliza jua linachomoza upande gani. Kisha akaweka figili chini, akasoma:

*Theluji uliyeshuka, barazani mwangu ndani,*
*wasema hutaondoka, wayeyuka kiganjani;*
*wageni waliocheka, nimewajua zamani,*
*hupendeza wakifika, huacha tope nyumbani.*

Wallahi nilicheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani. Mtu aliyetunga haya amewahi kupiga deki. Sanjari bin Sunquri alipiga deki lini?


Mfungo Nane 23.

Baba hali chakula vizuri. Mvua.


Mfungo Nane 26.

Nimekwenda kwa Bi Khatuni, binti wa Sanjari. Nyumba safi, mto mpya wa kukalia, tini zilizokaushwa kwenye sahani ya shaba. Nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, na anampenda baba yake aliyekwisha kufa kama mimi ninavyompenda wangu aliye hai.

"Shangazi nilimpenda," alisema, "lakini kweli ni kweli. Mwenye kalamu alikuwa baba. Kila mtu alimwona. Shangazi anasoma, baba kainama, anaandika. Sasa watu wakitaka kunipokonya baba yangu wampe yeye kila kitu, mimi nitakubalije?"

"Uliwahi kumwona shangazi akiandika?"

"Hata siku moja. Nilikuwa mdogo, lakini macho ninayo."

"Na alifia wapi, Hama?"

"Hapa hapa, mwaka wa moto. Nani kakudanganya habari za Hama?"

Sikumwambia kuwa ni kitabu. Sasa ninao vifo vitatu.


Mfungo Nane 27.

Nimerudi kwa Bibi Tatari. Leo Lubaba alikuwa mfupi, maji ya kunde, mpole, na aliolewa na muuza sufu.

"Bibi! Juzi ulisema mrefu, hakuolewa!"

"Juzi nilikuwa na njaa."

"Sasa mimi niandike lipi?"

"We mtoto, nani kakwambia uandike?"


Mfungo Nane 29.

Hamamuni, kuoga. Mkandaji, huku ananisugua mgongo kana kwamba nimemkosea, kaniambia Lubaba alikuwa na waume watatu, na wa mwisho alimkimbia kwa sababu alimtungia shairi la pua yake. Mama mmoja kwenye mvuke akadakia: huyo si Lubaba, huyo ni shangazi yangu. Mwingine akasema Lubaba hakuwapo kabisa, ni jina la kubuni la wanaume wanaotaka kulia bila kuonekana. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ila haya yote hayawezi kuwapo mwilini mwa mwanamke mmoja.

Nimetoka na mgongo mwekundu na kichwa kinazunguka. Nilikuwa na Lubaba mmoja, sasa ninao saba, na wote wananitazama.


Mfungo Tisa 1.

Nimemuuliza Baba, "Wewe hukumjua? Alikaa hatua mia mbili tu kutoka hapa."

"Sikumjua."

Akasukuma bakuli la adesi lililojaa, akaenda kuswali, na adhana haijaadhiniwa.


Mfungo Tisa 5.

Theluji. Watoto wa mtaa wanaila kwa asali ya zabibu. Nimesoma lile shairi kwa sauti nikifagia baraza. Baba alikuwa mlangoni. Alirudi ndani haraka.


Mfungo Tisa 8.

Sheikh amepita. Nikamwambia habari za Lubaba saba, nikamsomea na shairi. Alicheka mpaka akaketi.

"Sasa umeonja kazi yangu," akasema. "Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni."

"Lakini Bibi Tatari analijua shairi kwa moyo! Hilo si ushahidi?"

"Hata mimi nalijua kwa moyo tangu ulipolisoma, binti Ghanim, nami sikulitunga. Tena bibi yule jana alinijibu nyuma ya pazia kuwa Lubaba alikuwa mwanamume."

"Nikipata mwandiko wake?"

"Karatasi haina mdomo. Nani atasema ule mkono ni wake? Nitafutie mtu. Mtu aliyekaa mbele yake."

Nilimuuliza, kwa nini ananitesa hivi kwa mistari minne katika kitabu chenye maelfu ya watu. Akasema, ndiyo nyumba pekee aliyobakiwa nayo marehemu, mistari minne, na hataki kumpa mtu nyumba isiyo yake. Siwezi kumlaumu. Ila usiku huu nafikiria tu vile alivyopitisha kidole juu ya jalada langu.

Nitasema kweli hapa, maana hapa hakuna mteja. Mimi simtafuti Lubaba kwa ajili ya elimu. Nina hasira. Miaka mitatu nakata ngozi, nashona, napiga nakshi, na watu wanamsifu Baba mbele yangu, na Baba anainamisha kichwa. Nikimpoteza Lubaba kwa Sanjari, nitajua mapema nitakavyopotea na mimi.


Mfungo Tisa 11.

Paa la nyumba ya wajane limevuja, theluji iliyeyuka ikaingia kwenye shubaka la vitabu. Mkuu wa nyumba ameniletea kimoja, kitabu cha dua, kimefura kama mkate uliolowekwa. "Kilichooza ondoa," akasema, "mradi maandishi ya ndani yarudi salama."

Nilikijua mara moja. Ni kazi ya Baba, ya siku za mikono yake mizuri: nyota kubwa ya pembe kumi na mbili katikati, na vijinyota pembeni, hakuna kilichopinda. Alikifanya mwaka ule uliofuata moto. Jalada la nyuma lilikuwa kavu, zima. La mbele, ngozi imebambuka na ndani kumefunguka.

Mtu asiye mjalidi hudhani jalada ni ubao. Si ubao. Ni karatasi kuukuu zilizobandikwa moja juu ya nyingine kwa gundi ya unga, kumi, kumi na mbili, kisha zikashinikizwa mpaka ziwe ngumu. Tunapewa karatasi hizo na watu: barua za marehemu, madaftari ya watoto, chochote chenye jina la Mola, maana hakichomwi wala hakikanyagwi, na kwetu ndiko mahali pa heshima pa kukizika.

Nikaanza kuzibandua. Ya kwanza ilikuwa barua, haina maana. Ya pili, mistari, imekatwakatwa kwa wino, neno limefutwa, jingine limewekwa juu yake. Nikasoma lililofutwa: *huacha maji*. Juu yake: *huacha tope*.

Niliketi juu ya shinikizo.

Kikulacho ki nguoni mwako! Wiki tatu nzima nazunguka mitaa, hamamuni, kwa wajane, kwa Bi Khatuni, na Lubaba yuko ndani ya kazi ya baba yangu, amebandikwa kwa unga.

Baba alikuwa anasinzia. Sikumwamsha. Sijui nimwambie nini. Sijui hata nimwulize nini.


Mfungo Tisa 12.

Nimemwamsha. Au aliniamsha yeye, maana nilipoinua kichwa alikuwa ameinamia meza, anaangalia zile karatasi.

"Umezipata," akasema.

"Baba, uliniambia hukumjua."

"Sikumjua mimi. Mama yako ndiye aliyemjua."

Hapo inabidi nieleze kwa mtu yeyote atakayesoma kingo hizi. Mama yangu alikufa mwaka wa moto, mimi nikiwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo Baba hajataja jina lake. Si mara moja. Watu wakimtaja, huondoka. Nilikua nikidhani walikosana.

"Mficha uchi hazai, Baba. Sema."

Akakaa. Mikono ilikuwa inagonga magoti, hakuificha.

"Jeshi lilipoingia, mama yako alikwenda nyumbani kwa yule mwanamke. Akarudi na bunda la karatasi. Akaniambia, zishike, limebaki jingine. Nikamwambia usirudi. Akasema, Ghanim, dakika moja tu."

Nikasubiri.

"Basi. Ile dakika ndiyo hii. Haijaisha."

Nililia. Yeye hakulia. Aliendelea kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa.

"Nilizichukia zile karatasi, Suta. Nilitaka kuzichoma. Majirani walikuwa wanapikia vitabu, hapakuwa na kuni. Nikazifungua, kila ukurasa umeanza kwa jina la Mola. Sikuweza. Kuziweka mbele ya macho yangu sikuweza, kuzitupa sikuweza. Nikatengeneza kitabu cha dua, nikazitia ndani, nikakipeleka kwa wajane ili kisikae kwangu. Hiyo nyota niliipiga siku ishirini. Sijapiga nyingine nzuri kama hiyo."

"Peke yako?"

"Wewe ndiye uliyekoroga gundi."

Sikumbuki! Nakumbuka njaa, nakumbuka moshi, nakumbuka kwamba gundi ilikuwa ya unga na nililamba kijiko. Kumbe ndiyo ile. Nimemkasirikia, nimemhurumia, nimemkasirikia tena, na sasa sijui nimefikia wapi.


Mfungo Tisa 13, Ijumaa.

Karatasi tisa kutoka jalada la mbele. Mashairi manne, yote yamefutwafutwa. Lakini Sheikh kasema karatasi haina mdomo. Bado jalada la nyuma. Ili kulifungua ni lazima niliroweshe, na ngozi ile kuukuu ikilowa hivyo itajikunja, na nyota itakufa. Mkuu wa nyumba ameniruhusu. Mikono iliyoipiga nyota hiyo haitapiga tena.

Sijamwambia Baba. Maji yapo kwenye beseni. Naliangalia tu.


Mfungo Tisa 14.

Kaja mwenyewe, kachukua jalada, kalizamisha kwa mikono yake miwili. Maji yalikuwa yanatikisika kwa sababu ya mikono, na mimi sikuweza kutazama.

"Loweka vizuri," akasema. "Usivute kabla halijalegea. Nimekufundisha nini?"


Mfungo Tisa 15.

Shairi la tano limo humu, na baada yake ukurasa wa sita kutoka juu. Nitaunakili hapa ulivyo, nisije nikadhani kesho kuwa niliota.

*Wamesikia mashairi haya matano kutoka kwa mtungaji wake, Lubaba binti Sunquri, akiyasoma mwenyewe barazani mwake, asubuhi moja, mwaka 799, hawa wafuatao.* Kisha majina kumi na moja, watu ninaowajua kwa makaburi yao. Kisha: *Na Ulfati binti Sabiqi, mke wa Ghanim mjalidi, na bintiye Sutaita, mwenye miaka mitano, mapajani mwake, mtoto alilala shairi la tatu. Na Tatari, mjakazi wa mwenye nyumba, akiingia na kutoka na vikombe. Aliyeandika majina ni nduguye mtungaji, Sanjari bin Sunquri, naye amesikia yote.*

Nimesoma mara ishirini.

Kwa hiyo ndiyo kalamu aliyokuwa nayo Sanjari! Alikuwa anaandika waliohudhuria, kama inavyofanywa katika kila darasa mjini humu, nani alikuwepo, nani alichelewa, nani alisinzia. Watu wakaona kalamu, wakadhani mashairi.

Na mimi. Sutaita. Shahidi aliyekaa mbele yake, niliyemtafuta hamamuni mpaka nikachunwa ngozi, ni mimi. Na nililala!


Mfungo Tisa 16.

Nimempelekea Bi Khatuni ukurasa. Nilijitayarisha kwa vita, hata nilikuwa nimepanga maneno makali njiani. Aliuleta karibu na dirisha.

"Huu mkono wa baba," akasema. "Ninazo barua zake. Tazama anavyovuta mwisho wa jina."

Akasoma mpaka mwisho. Aliporudi kwenye neno *mtungaji* alikaa nalo muda mrefu.

"Kaandika mwenyewe," akasema. "Baba kaandika mwenyewe, nami miaka yote hii nampigania asichokitaka."

Akalia. Nikala tini zake kwa sababu sikujua la kufanya. Nilipoaga akanishika mkono, akasema atakuja kwa Sheikh kuuthibitisha mwandiko. Niliyemdhani adui yangu pekee ndiye aliyeninyooshea mkono. Hii baridi itaniua.


Mfungo Tisa 18.

Sheikh kasoma. Akasoma tena. Akasimama, akanizunguka kama anayenunua ngamia.

"Binti Ghanim. Unajua kuwa mtoto wa miaka mitano aliyehudhuria, na jina lake likaandikwa, akikua anaruhusiwa kuwapokeza wengine alichosikia?"

"Najua, Sheikh wangu. Mji mzima unajua. Lakini sikumbuki hata neno."

"Huulizwi unakumbuka. Unaulizwa ulikuwepo."

Akasema tukutane nyumba ya wajane tarehe ishirini na tano, wasikilizaji wawepo, nisome mbele yao. Alisema kama jambo jepesi. Wao walio na elimu hulala vizuri.


Mfungo Tisa 20.

Nimejaribu kukumbuka. Baraza. Sauti ya mwanamke. Paja la mtu, nguo ya sufu inayowasha shavuni. Je, hiyo nguo naikumbuka au nimeitengeneza leo? Nikiongeza moto jikoni nikaifikiria tena, imekuwa ya kijani. Basi nimeitengeneza.

Nitasimamaje niseme "nilisikia"?


Mfungo Tisa 21.

Baridi kali. Nimekata ngozi mpya kwa kitabu cha wajane.


Mfungo Tisa 23.

Nimemuuliza Baba kama ni uongo.

"Mama yako alikubeba kupanda mlima ule, na ulikuwa mzito," akasema. "Alikubeba ili uandikwe. Mtu hubeba mtoto wake kwa jambo la uongo?"

Hii ni mara ya pili amemtaja ndani ya mwezi mmoja. Alitoka nje kuangalia theluji, kisha akarudi, akala.


Mfungo Tisa 25.

Tumefanya. Naandika mkono ukiwa bado na joto.

Chumba cha wajane kilijaa. Sheikh na wanafunzi wanne upande wa pili wa pazia, Bi Khatuni karibu nami, Bibi Tatari kwenye mto wake, Baba mlangoni kwa upande wa wanaume. Bi Khatuni akathibitisha mkono wa baba yake, sauti haikutetemeka. Kisha Sheikh akasema, "Bismillahi, binti Ghanim."

Nikasema: "Nilisikia kutoka kwa Lubaba binti Sunquri, barazani mwake, nikiwa na miaka mitano, mapajani mwa mama yangu." Nikasoma shairi la kwanza. Nikasoma la pili. Kisha nikanyamaza.

"Endelea," akasema Sheikh.

"La tatu siwezi. Nililala."

Nyuma ya pazia wanafunzi wakacheka. La tatu ni lile la theluji. Lile zuri. Lile lililonifanya nianze kazi hii yote, ndilo nililolisinzia! Nikahisi machozi yanakuja, na aibu.

"Basi la tatu halina shahidi," akasema Sheikh, na hata yeye alisikitika. "Nitaandika manne."

"Wewe mwenye kilemba!" Ilikuwa sauti ya Bibi Tatari. "Mimi sikuandikwa humo?"

"Umeandikwa, Bibi, akiingia na kutoka. Aingiaye na kutoka hahesabiwi."

"Nilikuwa naingia na kutoka kwa mengine yote. Kwa la theluji nilisimama."

"Tutajuaje, Bibi? Ulisema ni mrefu, ukasema ni mfupi, ukasema ni mwanamume."

"Kwa sababu mlikuwa mnaniuliza pua yake na waume zake! Nani alikuja akaniuliza shairi? Huyu mtoto peke yake, nami nikamsomea." Akaninyooshea kidole kilichopinda. "Nilisimama kwa sababu lile alinitungia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa napiga deki ile baraza. Aliposoma *huacha tope nyumbani* nilicheka, nikaangusha vikombe vyote, na mtoto huyu akaamka analia. Muulize baba yake kama hakurudi nyumbani na jeraha la kigae."

Wanawake wote wakanitazama mguu. Sikuwa na haja ya kutazama. Ninalo kovu juu ya kifundo tangu nijijue, na nimewahi kumuuliza Baba limetoka wapi, akaondoka.

"Mama yake alinicheka," Baba akasema kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa ngeni. "Alirudi na mtoto anavuja damu, naye anacheka. Nikamfokea. Akasema, Ghanim, ungesikia shairi lenyewe na wewe ungeangusha vikombe."

Kisha nikasikia kalamu ya Sheikh.

"Soma, Bibi Tatari," akasema. "Wewe la tatu, yeye mengine. Nawaandika wote wawili."

Akasoma. Hakukosea hata silabi. Kisha nikasoma la nne na la tano.

Tulipokuwa tunaondoka Sheikh akasifu jalada jipya la kitabu cha dua, akaanza ile yake, "Mkono wa Mualimu Ghanim..." Baba akamkatiza.

"Si wangu, Sheikh. Miaka mitatu sasa si wangu. Ni wa Sutaita. Kama unaandika, andika na hilo."

Mimi nikatafuta mkasi, na hapakuwa na mkasi mahali pale.


Mfungo Tisa 28.

Arubaini zimekwisha. Paa linadondosha maji kila mahali, na tope limefika mpaka kwenye shinikizo. Ni kama alivyosema.


Mosi Rajabu, Jumatatu.

Msafara umeondoka asubuhi. Kabla ya kupanda, Sheikh alinisomesha mistari yake. *Lubaba binti Sunquri, wa Salihiya, mtunga mashairi. Alitunga mwenyewe, kwa ushahidi wa nduguye. Wamepokeza kutoka kwake Sutaita binti Ghanim, mjalidi, na Tatari, mjakazi aliyemwacha huru. Inasemekana alifia Hama, na inasemekana Makka, na inasemekana mjini mwetu katika mwaka wa moto. Na Mola ndiye ajuaye.*

Mistari minne na nusu. Nikamuuliza kwa nini ameviandika vifo vyote vitatu. Akasema kwa sababu hajui, na nusu mstari ni gharama ndogo kwa kusema hujui. Nikamuuliza kama hakuna nafasi ya mtu mmoja zaidi, yule aliyenibeba. Akasoma tena ukurasa, akatikisa kichwa kwa upole. Yeye hakupokeza kwa mtu, akasema. Alikufa mapema mno. Kitabu hiki ni cha waliopokeza.

Basi acha kitabu chake kibaki hivyo. Mimi ninazo kingo zangu, na imebaki moja, na Baba amekaa hapa kando ananitajia jina herufi kwa herufi ninavyoandika, nisikosee.

Mama yangu aliitwa Ulfati binti Sabiqi. Alinipakata.